Ziwa Naivasha lanifunza kutunza mimea ya tangi la samaki

Ikiwa nyumbani kwako kuna tangi la samaki, mpenzi msomaji, huenda nawe umepitia haya. Unaenda mjini, unanunua vishada viwili vitatu vya mimea ya majini, kijani kibichi cha kupendeza macho, na muuzaji anakufungia kwenye mfuko wa maji kana kwamba ni yai la njiwa. Unafika nyumbani, unaipanda mchangani, jamaa wote wanakusanyika kutazama. Siku ya kumi majani yanageuka rangi ya chai. Wiki ya tatu unachota ujiuji kwa kijiko.

Mimi yalinikuta mara tatu kwa mwaka mmoja. Mara mbili za kwanza niliudhika kwa sababu ya pesa zangu. Mara ya tatu pesa zilikuwa za binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ambaye alikuwa ameweka akiba ya hela za kununua chakula cha saa nne tangu muhula uanze. Hakulia. Aliutazama ule uozo, akaniambia kwa sauti ya mtu mzima: "Mama, basi tuweke ya plastiki kama watu wengine."

Maneno hayo yalinichoma kuliko kama angelia. Maua ya plastiki nimeyaona ya kutosha sebuleni mwa shangazi zangu, yakipanguswa vumbi kila Jumamosi. Isitoshe, mtoto anayekata tamaa ya kitu kilicho hai akiwa na miaka kumi na miwili hukata tamaa ya mengi baadaye. Nikamwendea rafiki yangu mmoja anayefundisha biolojia katika shule ya upili, nikamweleza masaibu yetu. Alicheka, kisha akaniambia: "Mpeleke Naivasha. Huko kuna tangi la samaki kubwa kuliko lenu, nalo lilipoteza mimea yake yote. Mkijua lililoisibu, mtajua la kufanya nyumbani."

Basi likizo ya Agosti ilipofika tukafunga safari.

KOPO LA RANGI

Kabla sijaendelea, sina budi kukuungamia jambo. Katika tangi letu kulikuwa na mmea mmoja ambao haukufa. Ulikuwa ule unaoelea juu, wenye vijani vya mviringo vilivyojaa vinywele vifupi visivyoshika maji, nao ulikuja kama nyongeza ya bure tuliponunua samaki. Kwa mwezi mmoja ulikuwa umefunika uso wote wa maji kama blanketi. Tukawa tunaupunguza kwa kichujio cha chai, nao unarudi. Binti yangu aliona si haki kuutupa kwenye taka ilhali ndio pekee uliokubali kuishi nasi. Tukakata shauri kuutia katika kopo la rangi la lita nne, tukafunga kifuniko, tukaubeba. Nia yetu ilikuwa kuuachilia ziwani ukaishi kwa raha. Nami, mama mtu mwenye cheti cha chuo, nilikubali na hata nikajiona mtu mwenye huruma.

Kutoka Nairobi hadi Naivasha ni mwendo wa kilomita tisini hivi. Tuliamua kupitia barabara ya chini, ile inayoteremka kuelekea Mai Mahiu, kwa sababu nilitaka mtoto aone kanisa dogo lililojengwa na mateka Waitaliano waliochonga barabara hiyo wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Ukiwa hujawahi kupita huko, kaa upande wa kushoto wa gari. Bonde la Ufa linafunguka ghafla chini yako, Mlima Longonot umeketi katikati kama chungu kilichopasuka mdomo, na malori yanapanda polepole yakipiga kelele. Kopo letu lilikuwa kati ya miguu yangu. Kila kona likinimwagia maji kidogo viatuni.

Tulipofika mjini Naivasha tukabadili gari, tukashika barabara ya kusini ya ziwa. Upande mmoja unaona mabanda ya maua yaliyoezekwa plastiki nyeupe, kilomita kwa kilomita, na upande wa pili migunga mirefu yenye magome ya manjano. Katikati ya mabanda na migunga kuna mitaa ya wafanyakazi iliyosongamana. Harufu ya samaki wa kukaangwa ilitueleza kwamba tumekaribia maji kabla hatujayaona.

Naivasha ni ziwa la ajabu kidogo. Limekaa juu, karibu mita 1,890 kutoka usawa wa bahari. Mito miwili mikubwa, Malewa na Gilgil, inaingia humo, lakini hakuna mto hata mmoja unaoonekana ukitoka. Majirani zake walio katika hali hiyo, kama vile Elementaita na Nakuru, wamekuwa maziwa ya magadi. Naivasha lingali na maji matamu kwa kuwa sehemu ya maji yake hupenya chini kwa chini na kuondoka na chumvi. Yaani ziwa hili linabadilishiwa maji kila wakati, nawe humwoni anayebadilisha. Liweke hilo moyoni, tutalirudia.

MZEE WA MASHUA

Pale ufuoni tulipata mashua ya mzee mmoja ambaye amelijua ziwa hilo tangu akiwa kijana wa miaka ya sabini. Alitupa jaketi za kuokolea maisha, akamkazia binti yangu kamba za jaketi kwa mikono yake mwenyewe, kisha akatusukuma taratibu katikati ya mafunjo.

"Mzee, tumekuja kuangalia mimea ya chini ya maji," nikamwambia.

Aliacha kupiga kasia. "Mama, umechelewa."

Akamwambia binti yangu: "Mjukuu wangu, tia mkono majini." Mtoto akatia. Ulipofika kwenye kiwiko, vidole havikuonekana. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Nilipokuwa na umri wa kukuzidi kidogo," Mzee akasema, "hapa ungeona hadi chini. Kulikuwa na majani marefu yakicheza kama nywele. Na huku kando kote yalikuwa mayungiyungi, maua ya samawati. Asubuhi yakifunguka, ndege walikuwa wanatembea juu ya majani yake kama mtu anayetembea kwenye mkeka."

Niliyokuja kuyasoma baadaye yalikubaliana na Mzee. Mwaka 1970 kamba wekundu wa maji baridi, ambao asili yao ni Louisiana huko Marekani, waliletwa na kutiwa katika ziwa hili ili wavuliwe na kuuzwa. Kamba hawa wana magando kama ya kaa, na chakula chao hakina kikomo: majani, mizizi, mbegu, konokono, mayai ya samaki. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini mimea ya chini ya maji ilikuwa imetoweka katika ziwa kuu, na mayungiyungi nayo yakaenda. Baadaye kamba walipopungua, sehemu ya mimea ilirudi. Walipoongezeka, ikaisha tena. Halafu mwaka 2001 wavuvi wakaanza kunasa samaki aina ya karpi, ambaye kazi yake ni kuchimbua matope kwa mdomo akitafuta chakula. Ukiongeza udongo unaoletwa na mito kutoka mashamba ya juu, mafunjo yaliyokatwa ambayo zamani yaliuchuja udongo huo, na mbolea inayotiririka kutoka mashamba na mitaa, utaelewa kwa nini mkono wa mtoto ulipotea machoni.

Lakini jambo lililonifungua akili alilisema Mzee, si vitabu. Kufikia saa nane upepo ulikuwa umeanza kuvuma. Inasemekana hata jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka, na mchana huo niliamini. Mawimbi madogo yalianza kupiga mashua, na maji yakazidi kuwa mazito.

"Umeona?" Mzee akauliza. "Zamani upepo huu ulikuwapo. Lakini majani yalikuwa yameshika matope. Sasa hakuna wa kuyashika. Matope yakiamka, jua halifiki chini. Jua lisipofika chini, hakuna jani litakaloota la kushika matope."

Nilinyamaza. Mzee alikuwa amenieleza tangi langu, hali hajawahi kuliona. Mimea michache iliyotengana, samaki wa dhahabu wawili waliokuwa wakichimbua mchanga kutwa kucha (ndugu yao wa mbali ni yuleyule karpi), maji yenye mawingu, taa hafifu. Kila kishada kipya nilichonunua kilikuwa kinaingia katika nyumba ambayo tayari ilikuwa imeamua kukiua.

Wakati nikiwaza hayo, binti yangu alikuwa amelifungua lile kopo la rangi na kuliinamisha ukingoni mwa mashua.

"Msichana, ngoja!" Mzee aliushika mkono wake kwa nguvu kiasi kwamba mashua iliyumba. Akachukua kopo, akachungulia, akachomoa kijani kimoja na kukipitisha kati ya vidole. Uso wake ulibadilika. "Hiki mmekitoa wapi?"

Tukamweleza.

"Hiki nakijua. Hiki kilitufunga hapa ziwani. Nyavu hazishuki, mashua haipiti, samaki chini hawapati hewa. Tulikuwa tunakisukuma kwa miti kama watu wanaosukuma gari lililokwama."

Mmea wenyewe, msomaji, huitwa salvinia, na asili yake ni Brazili. Ulionekana Naivasha mapema katika miaka ya sitini na ukalifunika eneo kubwa. Ulipopungua, likaingia gugumaji, lile lenye ua la zambarau, mwaka 1988. Hilo nalo asili yake ni Amerika Kusini, nalo lilipendwa na watu kwanza kwa ajili ya uzuri wake katika vidimbwi vya bustani. Wakazi wa Kisumu hawahitaji kuelezwa. Katika miaka ya tisini waliliona likiifunga bandari yao mpaka meli zikashindwa kutoka. Mimi nilikuwa nimepanda matatu mbili na kulowesha viatu ili nikalirudishie ziwa adui yake.

Mzee alifunga kifuniko, akaliweka kopo chini ya kiti chake mpaka tuliporudi ufuoni. Hakutugombeza. Alimwambia binti yangu tu: "Peleka nyumbani, anika juani mpaka ikauke kabisa, halafu tia shambani. Ikikauka ni mbolea. Ikiwa mbichi ni balaa." Aliponikabidhi kopo aliniangalia mimi, si mtoto, nami nikaangalia kwingine.

KAZI YAANZA UPYA

Jumamosi iliyofuata tulilivunja tangi letu. Ni la kawaida, urefu sentimita 60, lenye maji yapatayo lita 54. Samaki wa dhahabu tuliwapeleka kwa jirani mwenye kidimbwi cha saruji kisichotoka kokote. Haya ninayokueleza sasa ndiyo tuliyoyafanya, pamoja na makosa yake, na bei yake haimshindi mtu wa mshahara wa kawaida.

Kwanza udongo. Mchanga mtupu hauna chakula, na mimea yenye mizizi hula kupitia mizizi. Huhitaji kununua udongo wa kigeni. Ule udongo mwekundu wa Kiambu na sehemu nyingi za Nairobi una madini mengi ya chuma, ambayo mimea huyapenda. Tuliuchekecha ili kuondoa mizizi na mawe, tukatandaza tabaka la sentimita mbili na nusu, tukaufunika kwa mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yake yakawa meupe, sentimita tatu. Usitie samadi, wala mbolea ya dukani. Utawaua samaki kwa amonia. Udongo mweusi wa Embakasi na Athi uache hukohuko uliko, hautulii majini.

Kabla ya kutia mawe ya mapambo, yajaribu. Dondoshea ndimu au siki. Likitoa povu, jiwe hilo lina chokaa, nayo itayeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa makali kwa mimea mingi. Sisi tulikuwa na matumbawe mawili mazuri tuliyoyaokota Mombasa zamani. Yalitoa povu kama sabuni. Sasa yanashikilia mlango wa jikoni.

Maji ya mfereji yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Kama mtaa wenu unatumia maji ya kisima kirefu, tahadhari, kwa sababu mengi ya Nairobi yana floraidi na magadi. Changanya na maji ya mvua uliyokinga kwenye chombo safi. Na unapojaza tangi weka sahani juu ya mchanga, umiminie maji juu ya sahani. Mimi nilimimina kutoka juu kwa haraka, na kwa dakika moja nikatengeneza Ziwa Naivasha sebuleni. Ilitubidi tuyanyonye yote kwa mpira na kuanza tena, huku binti yangu akinitazama kwa macho yale ya Mzee.

Sasa mimea. Kosa letu kubwa lilikuwa kununua vishada viwili, kungoja tuone kama vitaishi, kisha kuongeza. Fanya kinyume chake. Panda mingi siku ya kwanza, kiasi kwamba ukitazama kutoka juu zaidi ya nusu ya mchanga isionekane, na iwe ya kukua haraka. Mimea ikiwa mingi hunyakua chakula kilichomo majini kabla mwani haujakipata. Ikiwa michache, mwani ndio unaokula, na utaona kioo kikigeuka kijani na majani yakivaa nywele. Mimea miwili ya bei nafuu ilitufaa zaidi. Mmoja una majani kama kanda ndefu na huzaa watoto kwa kamba inayotambaa mchangani. Wauzaji huuita valisneria. Wa pili unafanana na mkia wa paka, hauna mizizi kabisa, unaelea tu au kushikizwa kwa kijiwe, na huota hata katika maziwa yetu. Wauzaji huuita honiwoti.

Ule wa kanda, usiuzike sana. Pale majani yanapokutana na mizizi pawe juu ya mchanga, la sivyo huoza. Na kuna mmea mwingine mzuri wa Afrika Magharibi na ya Kati, uitwao anubia, wenye shina nene linalotambaa. Huo usiupande mchangani hata kidogo. Ufunge kwa uzi juu ya jiwe au kigogo, wenyewe utashika. Sisi anubia wetu wa kwanza tuliufukia kwa heshima zote, kama mhogo, na ukaoza kama mhogo.

Nuru ndipo wengi tunapopotea, kwa kuwa tunadhani dirisha linatosha. Tangi letu la kwanza lilikaa dirishani upande wa mashariki. Jua la asubuhi likalipiga, mwani ukachanua, maji yakawa supu ya mchicha. Nikalihamisha kwenye kona ya giza, mimea ikafa njaa. Weka tangi mbali na jua la moja kwa moja, kisha ulipe taa yake nyeupe ya aina ya mwanga wa mchana, ile taa ya LED ya kawaida inatosha, iwe juu kabisa ya maji. Iwake saa nane kwa siku, wala si kumi na nne kwa sababu watoto wanapenda kutazama usiku. Tulinunua kile kiswichi cha saa kinachowasha na kuzima chenyewe, na ugomvi wa kila jioni ukaisha. Stima ikipotea siku moja, usihangaike, mimea itavumilia.

Kuhusu hewa, nitasema kwa kifupi. Mchana mimea huvuta hewa ya kaboni ambayo samaki wanaitoa. Pampu ya viputo ikichemsha maji kutwa huifukuza hewa hiyo, kwa hivyo iache ipumzike mchana. Usiku mimea nayo hupumua oksijeni kama sisi, na ukiona samaki wanatweta juu ya maji alfajiri, washa pampu usiku. Basi.

Chakula cha samaki tulikipunguza hadi kile wanachomaliza kwa dakika mbili, mara moja kwa siku. Kinachozama ni mbolea, na mbolea ikizidi tunajua lililotokea Naivasha. Na kila Jumamosi tunatoa robo ya maji, tunatia mapya. Nilikuambia uliweke moyoni: lile ziwa lingekuwa magadi kama majirani zake kama maji yake hayangekuwa yanatoka.

SIKU YA KUMI NA MOJA

Sasa nikueleze jambo ambalo muuzaji hakuwahi kutueleza, na ambalo nusura lituharibie yote.

Siku ya kumi na moja majani yakaanza kuwa rangi ya chai. Yaleyale ya zamani. Nilimkuta binti yangu amesimama mbele ya tangi akiwa bado na mkoba wa shule mgongoni. Hakusema neno juu ya plastiki, lakini nililisikia.

Nikampigia simu yule rafiki yangu mwalimu. Akauliza swali moja: "Mizizi ina rangi gani?" Tukauchomoa mche mmoja taratibu. Mizizi ilikuwa myeupe na imekaza. "Basi iacheni," akasema. "Mimea mingi ya madukani hukuzwa nje ya maji, kichwa hewani, miguu kwenye tope. Majani yale ni ya hewani. Ukiizamisha inayaacha, kisha inaota mengine ya majini. Kateni yaliyooza, msing'oe kitu."

Hebu fikiria, msomaji, ni miche mingapi tuliyoitupa ikiwa hai, ile mara tatu. Sitaki kuhesabu, kwa sababu iliyokuwa ya mwisho ililipiwa na chakula cha saa nne.

Tuliyakata majani yaliyooza kwa mkasi wa kucha, tukangoja. Siku ya kumi na tisa, katikati ya valisneria mmoja ukachomoza ukanda mwembamba mno, wa kijani cheupe, urefu wa ukucha. Aliyeuona kwanza ni binti yangu, naye alitupigia kelele sote tukidhani kioo kimepasuka.

Tangu wakati huo tumejifunza kuyasoma majani. Yale ya zamani, ya chini, yakigeuka manjano, mmea una njaa ya naitrojeni. Tunaongeza samaki mmoja au tunaacha maji siku mbili zaidi. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa yake ni kijani, ni upungufu wa chuma. Tunafinyanga kidonge cha udongo mwekundu, tunakikausha na kukisukuma chini karibu na mizizi. Vitundu vyenye kingo za kahawia ni potasiamu. Wakati wa baridi ya Julai kila kitu kinapunguza mwendo, nasi tunapunguza chakula. Konokono wadogo walitokea bila kualikwa. Tuliwaogopa, kumbe wanakula majani yaliyokufa na kuacha mazima, mradi wasizidi.

Kila baada ya wiki tatu sasa tunapogoa, na yanayopunguzwa ni mengi. Mengine tumewagawia majirani wawili wenye matangi. Yanayobaki hayaingii chooni wala mtaroni, kwa sababu mtaro wetu unaishia mtoni. Tunayatandaza kwenye gazeti juu ya paa mpaka yavunjike ukiyashika, kisha yanaingia katika magunia yetu ya sukuma wiki.

Yale ya kopo la rangi yalikuwa ya kwanza kuanikwa. Tulirudi nayo kutoka Naivasha kwa barabara ya juu, kopo likiwa kati ya miguu yangu vilevile, na safari hii binti yangu alikishika kifuniko kwa mikono miwili mpaka tukafika nyumbani.